Nilimfundisha Mume Wangu Vita

Mshauri wangu, shikamoo, na kama kwa umri mimi ndiye mkubwa basi utanisamehe, maana nimekusoma siku nyingi na sikuwahi kudhani nami nitafika mahali pa kukuandikia, wenye shida niliwaona ni watu wengine, mimi kazi yangu ilikuwa kusoma huku nakunywa chai na kusema jamani, watu wana mambo. Sasa yamenikuta. Naomba unisaidie, na naomba usinicheke hata pale utakapoona panachekesha.

Mimi ni fundi wa mapazia, nashona ya nyumba za watu na ya ofisi, na chumba changu cha kazi ndiyo hiyo hiyo sebule yetu, cherehani iko dirishani na televisheni iko upande wa pili, mgeni akija anakaa katikati ya vitambaa. Mume wangu ni askari jeshi. Si mtu wa maneno, hata wakati wa uchumba mimi ndiye niliyekuwa naongea na yeye anacheka panapostahili, na kuhusu kazi yake hajawahi kunisimulia zaidi ya kwamba jua lilikuwa kali au maji yalikuwa ya chumvi. Mwaka jana alipelekwa nchi ya mbali kulinda amani, na kabla ya kuondoka alimnunulia binti yetu mashine ya gemu, kwa sababu binti alikuwa amemaliza mitihani na anasubiri majibu, baba yake akasema bora acheze hapa hapa ndani kuliko kuzurura.

Kwenye ile mashine kulikuwa na gemu moja la vita. Unaona mikono miwili na bunduki tu, ndiyo mikono yako hiyo, uso wako huuoni, na kuna sehemu ya kucheza na watu wa mtandaoni na kuna sehemu ya hadithi ambayo unacheza peke yako na kikosi chako, mnatumwa huku na huku mpaka vita viishe. Binti alilicheza kidogo akachoka, akahamia kwenye gemu la mpira. Mimi nikabaki nalo. Nitakwambia ukweli, nilikuwa nimemkumbuka mume wangu kiasi cha kunusa koti lake la mvua, simu leo inapatikana kesho haipatikani, na akipatikana anasema "Tupo salama, nyinyi je?" basi, imeisha hiyo. Nikasema ngoja niingie humu nione anakoshinda. Nikamwambia binti, hebu nifundishe.

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, wewe rimoti tu unaishika kichwa chini miguu juu!" Lakini alinifundisha. Aliniweka kiwango cha wasiojua kabisa na bado nilikuwa nakufa kabla sijashuka kwenye lori, mara natazama mawingu na adui yuko mbele, mara najirushia guruneti miguuni mwangu mwenyewe, mara nampiga risasi kiongozi wangu na gemu linanifokea linanirudisha nyuma. Na kwa kuwa wanaongea lugha ya kigeni na maandishi ya chini yanapita haraka, tukawapa majina yetu sisi. Kiongozi tulimwita Mwalimu wa Zamu, kwa jinsi anavyofoka. Na kuna mmoja anayetembea mbele yako muda wote, ndiye anayekufungulia milango, ndiye anayekuinua ukianguka, huyo tulimwita Kijiko, kwa sababu mara ya kwanza tulipomwona alikuwa anakula kwenye kopo, king'ora kikalia, wenzake wote wakakimbia kuchukua silaha na yeye akakimbia huku bado analamba kijiko.

Nilimpenda Kijiko, sikufichi. Anatania hata mkiwa mmelala kwenye matope, anaimba vibaya, akichoka anakaa juu ya kofia yake ya chuma. Nilikuwa namsemesha kabisa, "Haya baba, tangulia, niko nyuma yako," na cherehani imelala. Basi katikati ya hadithi mnafika kwenye daraja, na Kijiko anakufa. Nilikataa. Nikarudi nyuma nikatangulia mimi, nikafa mimi. Nikarusha bomu la moshi ili asionekane. Nikashuka mtoni nipite chini. Nikapiga risasi kila dirisha la ng'ambo kabla hajakanyaga daraja. Wapi! Akifika katikati, risasi inatoka sijui wapi na Kijiko anaangukia upande ule ule, anasema maneno yale yale. Wateja wanapiga simu kuuliza mapazia yao, nawaambia kitambaa hakijafika, na kitambaa nimekikalia. Mwishowe binti akaniambia kwa huruma, "Mama, acha. Ndivyo walivyolitengeneza. Lazima afe ndipo hadithi iendelee." Nikalia mbele ya mtoto wangu, nikasingizia vumbi la pamba.

Lakini niliendelea, nikafika mwisho, bendera ikapandishwa, nikaanza upya kiwango cha juu zaidi, na mshauri, sijisifu, nikawa hodari. Nikajua mlango wa mbele hauingiwi hovyo. Nikajua moshi kwanza, watu baadaye. Nikajua kutazama mapaa kabla ya kutazama barabara. Nikajiona sasa mimi na mume wangu akirudi tutakuwa na la kuongea.

Akarudi. Amekonda, mpole kuliko alivyoondoka, anakaa kwenye ngazi ya nyuma anatazama kamba ya kuanikia nguo. Simuulizi, nasubiri. Basi Jumapili moja mchana, binti hayupo, mvua inanyesha, tunakula wawili tu, akaanza mwenyewe bila kuulizwa. Akasema, "Mwenzangu wa kitanda cha juu hakurudi." Nikaacha kula. Akasema walikuwa wanasindikiza malori ya unga, wakafika kwenye ghala, geti limefungwa, mwenzake akasema nyinyi kaeni nitafungua mimi, akashuka, akaweka mkono kwenye komeo, akapigwa kutoka juu ya paa. Akasema, "Nilikuwa namwona mgongo." Bado alikuwa hajamaliza, nilimwona anatafuta neno linalofuata, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema hivi, na kijiko kiko mkononi: "Sasa mbona hamkurusha moshi kwanza? Si mngezunguka kwa nyuma, mkaangalia mapaa, ndipo mtu ashuke?"

Alinitazama. Akasema, "Sawa, kamanda." Akainuka, akaosha sahani yake, mtu ambaye tangu tuoane hajaosha sahani, akaenda kukaa kwenye ngazi na mvua yote ile.

Tangu siku hiyo jina langu ni Kamanda. "Kamanda, chumvi iko wapi?" "Kamanda, natoka." Ananiita hivyo mbele ya mama mkwe, wifi yangu alicheka akataka kujua jina limetoka wapi, nami nikacheka nao. Nimemwomba msamaha mpaka nimechoka, anajibu "Kwani umefanya nini?" Nikaifunika mashine kwa mabaki ya vitambaa juu ya kabati, akaishusha mwenyewe, akasema mwachieni mtoto acheze. Juzi ndiyo nimeona makubwa. Nimetoka kupima madirisha ya zahanati moja, naingia namkuta amekaa kwenye kiti changu, pedi ya gemu mkononi, na kwenye televisheni ile mikono miwili imesimama mwanzoni mwa daraja, haiendi mbele hairudi nyuma. Hakugeuka. Akasema, "Huyu Kijiko wenu anafia wapi?" Kumbe binti amemsimulia yote! Niliona aibu, nikaona sasa ananidhihaki ndani ya nyumba yangu, nikachomoa waya ukutani, nikasema yaishe jamani, nikaingia jikoni.

Mwisho wa mwezi anarudi kule kule. Dada yangu anasema mwache, wanaume ndivyo walivyo. Rafiki yangu anasema tupa hiyo mashine. Mimi naogopa, mshauri. Tangu nimjue alifungua mdomo mara moja tu na mimi ndiye niliyeufunga, na naogopa ataondoka hivyo na huko kuna mapaa mengine. Niiuze mashine? Niende kwa mkubwa wake kambini? Nifanyeje nilirudishe neno langu?

Ni mimi, Fundi Mapazia, ambaye kwake anaitwa Kamanda.

*

Fundi, marahaba. Na hata kama umenizidi umri, nimeshaipokea, sirudishi.

Uliniomba nisicheke. Nilicheka pale ulipokikalia kitambaa cha mteja, na nilimhurumia mteja. Nilipofika kwenye ile meza ya Jumapili sikucheka tena.

Kwanza nikutue mzigo usio wako. Unajichapa kwa sababu ya gemu, na gemu halina kosa. Mwanamke amemkumbuka mumewe, akatafuta njia ya kusogea alipo hata kwa kupitia televisheni, akajifunza kitu kigumu ukubwani huku mtoto anamcheka. Mimi hapo naona mapenzi. Dada yako na rafiki yako wanakushauri kuhusu mashine na wanaume, na shida yako haiko kwenye mashine wala kwenye wanaume.

Shida ni hii. Mtu alikuletea msiba, ukampa mafunzo. Mteja akija kwako analia kwamba nyumba yake imeungua, utamwambia angeshona mapazia mafupi? Hebu jiulize mumeo alisikia nini pale mezani. Wewe ulisema moshi na mapaa. Yeye alisikia kwamba mwenzake angeweza kupona, na kwamba aliyekuwa nyuma yake anamwona mgongo hakufanya la kufanya. Na unadhani yeye hajajiuliza hayo? Siko kichwani mwake, lakini mtu anayekaa kwenye mvua anatazama kamba ya nguo, mimi naamini ameshapita kwa nyuma, ameshatazama kila paa, ameshashuka yeye kwenye lori badala ya mwenzake. Halafu wewe na kijiko chako ukamwongezea.

Tena wewe ndiye mtu wa mwisho aliyepaswa kusema vile, na hapa nakugombeza kwa sauti. Barua yako ninayo. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulirusha moshi, ukapita mtoni, ukatangulia wewe, ukapiga madirisha yote, na Kijiko akafa. Ulilijua hilo! Ulilijua mpaka ukalia. Kisha ukakaa na mwanamume aliyetoka kwenye daraja lake la kweli, ukaongea kana kwamba kila anayekufa kuna mtu alibonyeza kitufe kisichofaa.

Sasa kosa la pili, ambalo wewe umelipita kama vile halipo, na kwangu ndilo kubwa zaidi. Ni waya. Fundi, mumeo alikuuliza swali. Mtu asiyeongea, aliishusha mashine mwenyewe, akajifunza vitufe, akavuka nusu ya hadithi nzima mpaka akafika mlangoni pa huzuni yako, akasimama. Anayetaka kudhihaki hasimami mwanzoni mwa daraja na pedi mkononi asivuke. Alikuja kukusemesha kwa lugha uliyojifunza kwa ajili yake, nawe ukachomoa waya ukaenda jikoni. Jamani! Umeniambia alifungua mdomo mara moja. Si kweli, ni mara mbili.

Na hilo jina la Kamanda, sitaki kumtetea. Mbele ya mama yake na dada yake si haki, na siku moja mtakapokuwa sawa umwambie hivyo wazi. Lakini mtu aliyekukatia tamaa hakuiti jina lolote, anaomba chumvi basi. Huyu bado anakuchokoza. Kila anaposema Kamanda anakurudisha kwenye ile meza, na wewe kila mara unamjibu kwa msamaha. Acha kuomba msamaha kwa wiki hii. Msamaha wako umekuwa mwingi mpaka yeye ndiye anayelazimika kukubembeleza, ndiyo maana anakuuliza umefanya nini.

Unauliza uiuze mashine. Usiiuze. Unauliza uende kwa mkubwa wake. Usiende kumsemea mtu mzima kazini kwake. Lakini nisikilize vizuri hapa: ukiona halali kabisa, au amegeukia chupa, au anaongea kama mtu asiye na haja ya kurudi, basi acha habari ya gemu na ya barua hii, mwambie waziwazi unaogopa, na mwongozane kwa daktari wa kambi siku hiyo hiyo. Hilo halisubiri mwisho wa mwezi.

Kama hajafika huko, fanya hivi. Chagua mchana ambao binti hayupo. Waya uliuchomoa wewe, urudishe wewe, na akuone unaurudisha. Mwambie, "Uliniuliza Kijiko anafia wapi. Njoo nikuonyeshe." Akikataa, kaa ucheze peke yako, usimvute. Akija, mpe kiti chako, kaa chini kwenye vitambaa, cheza mpaka darajani, vuka. Kijiko akianguka, sema, "Hapa. Nilijaribu kila njia niliyoijua, hakuna iliyosaidia. Na huyu kesho nikiwasha atakuwa mzima. Wa kwako hayuko hivyo, na siku ile niliongea nisichokijua." Usiongeze kitu. Usimwambie unamwelewa, maana humwelewi, na kujaribu kwako kunatosha.

Halafu unyamaze. Najua mtu aliyeandika barua ndefu kama hii kunyamaza kwake ni kazi, kwa hiyo nakupa dawa ya ufundi wako. Chukua pazia la yule mteja anayesubiri, lipinde upindo kwa mkono, na uweke pini midomoni kama mnavyofanya mafundi mkiwa kazini. Mwenye pini midomoni hawezi kumfundisha mtu vita. Akikaa kimya, pinda. Akisimulia, pinda taratibu. Akirudia lile geti na lile komeo, na akarudia tena, usimtoe pale, mwache arudie kama ulivyokuwa unalirudia daraja wewe. Anaweza pia asiseme kitu siku hiyo. Basi utakuwa umemaliza upindo, na kesho yake upo.

Akifika mwisho mwenyewe, hapo ndipo utoe pini. Na usiulize habari ya moshi wala paa wala ilikuwaje. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja, sikukiona. Kijiko wa kwenye gemu namjua vizuri sasa. Najua anavyokula, anavyoimba, anakokaa akichoka. Mwenzake mumeo, aliyelala kitanda cha juu yake siku zote hizo, aliyesema kaeni nitafungua mimi, sijui kama alikuwa mrefu au mfupi, mcheshi au mkali, kama alikuwa na mke, kama alikoroma. Hukuniambia kwa sababu hujui, na hujui kwa sababu ulimkatiza mumeo kabla hajafika huko.

Muulize mumeo, huyo mwenzake walikuwa wanamwita nani.